Uzi: Nimevutiwa na bluegrass ya Marekani. Nianzie wapi, na kwa nini wanaimba majonzi kwa kasi ya harusi?

Mwana wa Nakuru (#1)

Wakuu, salamu kwenu. Nimekulia katika nyumba ambayo redio ya Jumapili haikuzimwa mpaka Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wawe wamemaliza zamu zao, kwa hiyo muziki wa kantri si mgeni kwangu. Hivi karibuni nimeipata albamu ya Dolly ya mwaka 1999, The Grass Is Blue, na nikaona kwamba hii si kantri niliyoizoea. Hakuna dramu, hakuna kinanda, hakuna gitaa la umeme, ilhali vyombo vinakimbia kana kwamba wapigaji wanaogopa kuachwa na basi. Nilipoyafuata maneno nikakuta kinyume chake kabisa: aliyeachwa analia, mwingine anakumbuka mapenzi yaliyokufa, na katika Silver Dagger kuna mama anayelala na jambia mkononi ili binti yake asiolewe.

Nina maswali mawili. Kwanza, nisikilize rekodi zipi ili niujue muziki huu vizuri? Pili, kwa nini huzuni yote hii inapigwa kwa kasi ya kuchezesha watu? Naomba majibu ya watu waliosikiliza, si ya waliosoma tu.

Fundi Nyuzi (#2)

Karibu, ndugu. Swali la kwanza lina jibu moja, na atakayekupa jingine anakuzungusha. Tafuta rekodi ambazo Bill Monroe na bendi yake ya Blue Grass Boys walizifanya mjini Chicago mwaka 1946 na 1947 kwa ajili ya kampuni ya Columbia. Monroe alishika mandolini, Lester Flatt gitaa, Earl Scruggs banjo, Chubby Wise fidla na Howard Watts besi. Watu hao watano hawakukaa pamoja hata miaka mitatu, lakini karibu kila bendi ya bluegrass iliyozaliwa baadaye imejipanga kwa mfano wao. Anza na It's Mighty Dark to Travel, kisha Blue Moon of Kentucky, ule ambao Elvis Presley aliurekodi upya kwa namna yake mwaka 1954.

Unaposikiliza, usimfuate mwimbaji kwanza. Tega sikio kwenye banjo. Scruggs alivaa kucha za bandia kwenye vidole vitatu, ya plastiki kwenye gumba na za chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati, akawa anazigawa noti kwa vidole hivyo kwa zamu zinazobadilikabadilika, na katikati ya noti hizo zote utaisikia sauti ya wimbo ikitokeza bila kupotea. Halafu hamia kwenye mandolini. Monroe asipopiga solo, anazikata nyuzi kwa kishindo kifupi baada ya kila pigo la besi, huku mkono wa kushoto ukizifinya ili zisivume. Ndiyo maana hawahitaji dramu.

Binti Mvita (#3)

Mzee Fundi, shikamoo. Kwa heshima zote, hiyo ndiyo njia ya kumfukuza mgeni mlangoni. Sauti ya Monroe ni ya juu, nyembamba na inapitia puani, na rekodi za mwaka 1946 zina ukungu wa mashine za zamani. Mtu aliyelelewa na Jim Reeves, mwimbaji aliyekuwa akinong'ona kwenye kipaza sauti, hatavumilia nyimbo tatu.

Mimi ningeanza na Alison Krauss, mkusanyiko wake wa mwaka 1995 uitwao Now That I've Found You. Sauti yake ni laini, na wapigaji wanaijua kazi. Kisha ningekwenda kwenye albamu ya J.D. Crowe & The New South ya mwaka 1975, ambayo mashabiki huitaja kwa namba yake ya kampuni ya Rounder, 0044. Humo utawakuta Tony Rice, Ricky Skaggs na Jerry Douglas wakiwa bado vijana. Ukimpenda Tony Rice, chukua Manzanita ya mwaka 1979, ambayo haina banjo hata kidogo lakini gitaa lake litakukalisha chini. Monroe awe wa mwisho, ukishakuwa na hamu ya kujua hawa wote walimtoa wapi mwendo huo.

Msafiri Mwema (#4)

Mnampa shida bure. Aitafute filamu ya O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000, na santuri ya nyimbo zake ambayo ilitwaa Grammy ya albamu bora ya mwaka katika tuzo za 2002. Nani amesahau George Clooney alivyoimba Man of Constant Sorrow? Kuhusu huzuni, sababu ni umaskini. Milima ya Appalachia ilikuwa na watu maskini sana, na maskini huimba shida zake. Tumemaliza.

Karani wa Muziki (#5)

Hatujamaliza, ndugu Msafiri. Clooney alichezesha midomo. Aliyeimba ni Dan Tyminski, wakati huo mpiga gitaa wa Union Station, bendi ya Alison Krauss aliyetajwa na Binti Mvita hapo juu. Wimbo wenyewe ni wa zamani zaidi: Stanley Brothers waliurekodi mwaka 1950, na kabla yao Dick Burnett, mwanamuziki kipofu wa Kentucky, aliuchapisha katika kijitabu chake cha nyimbo mnamo 1913. Aidha, santuri ile ina blues, nyimbo za kanisa na za wafungwa. Ni nzuri sana, ila si kila kilichomo ni bluegrass, na mgeni anaweza kutoka humo akiwa na jina sahihi kichwani na sauti isiyo sahihi masikioni.

Hoja yako ya umaskini nayo haitoshi. Maskini wa dunia hii wamejaa kila mahali, na wengi wao wana nyimbo za furaha tele.

Msafiri Mwema (#6)

Sawa, Karani. Lakini kubali kwamba midomo ya Clooney ilifanya kazi nzuri.

Mzee wa Kwaya (#7)

Amani kwenu. Ninyi mnatafuta huzuni hii migodini na mashambani, lakini mimi naisikia kanisani. Ralph Stanley, mdogo wa Carter katika wale Stanley Brothers, alilelewa katika kanisa la Wabaptisti wa kale huko kusini-magharibi mwa Virginia, ambako chombo chochote cha muziki hakikuruhusiwa katika ibada. Kiongozi hutamka mstari, waumini huuvuta kwa sauti ndefu zenye kupanda na kushuka, kila mmoja akiupamba kwa namna yake. Ukimsikia Ralph akiimba O Death peke yake, bila hata uzi mmoja kugongwa, utaelewa kwamba sauti hiyo ilikuwapo kabla banjo haijasogezwa karibu nayo. Alipata Grammy kwa wimbo huo akiwa na umri wa miaka 75.

Kwa hiyo maneno ya mauti si malalamiko ya umaskini. Ni mafundisho. Mtu anakumbushwa kwamba atakufa, ajiandae. Naomba mgeni wetu asikilize Cry from the Cross, albamu ya Ralph ya mwaka 1971, hasa nyimbo zinazoimbwa kwa sauti nne bila vyombo. Waliomsindikiza humo ni pamoja na Keith Whitley na huyo Ricky Skaggs wa 0044, wakati huo wakiwa vijana wadogo kabisa.

Baruti (#8)

Mzee wangu, nakuheshimu, ila kanisa limejibu swali la maneno na kuliacha la kasi. Waumini wale wanaimba polepole mno.

Tazameni wapigaji walikuwa wakifanya kazi gani. Monroe mwenyewe aliondoka Kentucky akiwa kijana, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta huko Indiana, karibu na Chicago. Scruggs alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi North Carolina, na Flatt naye alipitia viwanda vya nguo. Mwimbaji Hazel Dickens alitoka kwenye familia ya wachimba makaa ya mawe ya West Virginia, akahamia Baltimore kutafuta kazi za viwandani, na ndugu yake alikufa kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la makaa. Huu ni muziki wa watu waliokwishahama. Wanaimba nyumba ya mama iliyobaki mlimani, lakini wanaiimba baada ya zamu, mbele ya wenzao waliolipwa mshahara na wanaotaka kuchangamka. Maneno yametoka nyumbani, mwendo umetoka kiwandani.

Mwana wa Nakuru, unamjua Hazel bila kujua kwamba unamjua. Wimbo wa A Few Old Memories uliomo katika albamu yako ya Dolly ni utunzi wake.

Binti Mvita (#9)

Baruti, hiyo ya kiwanda umeipamba mno. Ingekuwa mashine ndizo zinazotia kasi, tungekuwa na bluegrass ya Thika na Urafiki.

Mtu wa Londiani (#10)

Mimi naona kuna ukoo mnaouruka. Bill Monroe aliposimama mara ya kwanza kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha kantri mjini Nashville, Oktoba 1939, aliimba Mule Skinner Blues. Ulikuwa wimbo wa Jimmie Rodgers wa mwaka 1930, mtu mmoja na gitaa lake, mwendo wa kutembea. Monroe aliuchukua akaukimbiza. Kwa hiyo kasi ile ilitiwa kwa makusudi na mtu mmoja aliyetaka kutofautiana na waliomtangulia.

Nataja hilo kwa sababu Rodgers alifika kwetu pia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba Chemirocha, ambaye ni Jimmie Rodgers huyo huyo waliyemsikia kwenye santuri. Baba wa kantri aliimbwa Kapkatet kama alivyoimbwa Nashville, na wala Kapkatet hawakuona haja ya kukimbia.

Mkongomani wa Louisville (#11)

Habari zenu, ndugu. Mimi naishi Kentucky kwenyewe, kwa hiyo nimefika Rosine, kijiji alikozaliwa Monroe mwaka 1911 na alikozikwa mwaka 1996. Siku za Ijumaa jioni kuna banda la mbao ambako wenyeji hupiga muziki huu, kuingia ni bure, na wengi wanaopiga ni wazee wenye kofia za kampuni za mbegu na matrekta. Nilichojifunza pale hakipo kwenye albamu zenu. Mbele ya wapigaji kulikuwa na nafasi tupu ya sakafu, na wimbo ulipoanza, bibi mmoja mwenye viatu vya bati chini ya soli aliinuka akaanza kucheza peke yake, kwapa zimebana, magoti yanafanya kazi, na mpiga fidla akawa anamtazama yeye miguuni badala ya kutazama kidole chake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa akisikiliza habari za marehemu.

Kwa maoni yangu huo ndio mzizi wa kasi. Wazazi wa Monroe walipokufa alikwenda kukaa na mjomba wake Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za vijijini, na baadaye akamtungia wimbo wa Uncle Pen. Pia alipiga kwenye ngoma hizo pamoja na Arnold Shultz, Mmarekani Mweusi, mchimba makaa na mpiga gitaa na fidla hodari, ambaye Monroe hakuacha kumtaja hadi uzeeni. Kile kilio cha blues kilichomo kwenye mandolini ya Monroe, wengi hapa wanasema kilitoka kwa Shultz. Fidla ya mjomba kwa miguu, gitaa la Shultz kwa moyo. Mgeni asikilize Uncle Pen ya mwaka 1950 akiwa amesimama.

Fundi Nyuzi (#12)

Ndugu wa Louisville, nimeipenda taarifa yako, lakini kuhusu Shultz tuwe waangalifu. Alifariki mwaka 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Tunao ushuhuda wa waliomsikia, hatuna sauti yake. Mimi siwezi kumpendekezea mtu asikilize kisichosikika.

Na mnazungumza kana kwamba Monroe alifanya yote peke yake. Kabla Scruggs hajajiunga naye Desemba 1945, bendi ya Monroe ilikuwa bado inajitafuta. Katika rekodi za mapema mwaka huo yupo Sally Ann Forrester akipiga kodiani! Ingebaki vile, leo tungekuwa tunajadili muziki mwingine. Ilikuwa ni banjo ya Scruggs iliyoleta kasi hii unayoiulizia, Mwana wa Nakuru. Kabla yake hapakuwa na banjo katika bendi ile.

Karani wa Muziki (#13)

Banjo ilikuwepo, Fundi. David Akeman, aliyejulikana kwa jina la Stringbean, aliipiga katika bendi ya Monroe kabla ya Scruggs, na yumo katika rekodi hizo hizo zenye kodiani. Alipiga kwa mtindo wa kale. Na hata vidole vitatu havikuvumbuliwa na Scruggs: Snuffy Jenkins alikuwa akivitumia redioni huko Carolina tangu miaka ya 1930. Scruggs alivisafisha, akavipa usawa, akavifanya viweze kubeba wimbo mzima.

Jirani wa Kaole (#14)

Mmezungumza banjo ukurasa mzima bila kusema ilikotoka. Babu zake ni ala za Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, na waliozipeleka ng'ambo ya bahari walikuwa watumwa. Béla Fleck, mmoja wa wapiga banjo wakubwa walio hai, alikuja Afrika mwaka 2005 kufuata njia hiyo. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, na filamu iliyotokana na safari hiyo, Throw Down Your Heart, yaani bwaga moyo, jina lake limechukuliwa kutoka mji wetu wa Bagamoyo. Hapa Tanzania alirekodi na Anania Ngoliga asiyeona, fundi wa ilimba, ala inayopigwa kwa vidole gumba. Tafuteni wimbo wa Kabibi. Ilimba na banjo zinajibizana hadi unashindwa kujua ni ipi imesema nini.

Kwa hiyo mimi ningemwambia Mwana wa Nakuru aanzie hapo, kwa sababu atasikia lugha anayoijua, kisha aingie kwenye Drive, albamu ya Fleck ya mwaka 1988, ambayo wamo Tony Rice na Sam Bush. Na swali la huzuni lenye kuchezeka, jamani, nani kati yetu hajawahi kucheza muziki wa dansi huku maneno yakisimulia mauti au usaliti? Mbona hilo hatuliulizi?

Fundi Nyuzi (#15)

Kabibi ni wimbo mzuri, na si bluegrass. Kama tutaita bluegrass kila mahali banjo inapopita, basi tuwaite na Carolina Chocolate Drops, ambao nawapenda sana, lakini wao wenyewe walijifunza muziki wa fidla wa kale kwa mzee Joe Thompson huko North Carolina na hawakuwahi kujificha kuhusu hilo. Bluegrass ina masharti: kila chombo kinapewa zamu yake ya kutangulia, vingine vinarudi nyuma, na sauti ya juu ya mwimbaji wa pili inapanda juu ya ile ya wimbo. Ukivunja hayo una kitu kingine, hata kama ni bora zaidi.

Binti Mvita (#16)

Kwa masharti hayo, mzee, nusu ya tuzo za bluegrass za miaka ya karibuni zirudishwe. Mwambie basi Billy Strings arudishe Grammy ya albamu yake Home na Molly Tuttle arudishe ya Crooked Tree. Huyo Molly ndiye mwanamke wa kwanza kutajwa mpiga gitaa bora wa mwaka na chama cha kimataifa cha bluegrass, mwaka 2017, na mkono wake wa kulia una kasi kuliko ya wengi mnaowalilia.

Mwana wa Nakuru (#17)

Nawashukuru. Nimewasikiliza kwa fujo, bila kufuata mpangilio wa mtu yeyote. Alison Krauss nilimpenda papo hapo, na jioni ile ile nikamsahau. Monroe alinikera, nikamzima, nikamrudia asubuhi. Kuna mahali katika It's Mighty Dark to Travel ambapo sauti yake inapanda juu ya ya Flatt katika kiitikio, na banjo haingoji wamalize, inaingia mkia wa neno ukiwa bado hewani. Nimerudia sehemu hiyo mpaka jirani akauliza kama redio imekwama.

Kuhusu swali la pili, nimewaelewa wote na sijaridhika. Mzee wa Kwaya amenigusa zaidi, lakini Baruti ana haki kwamba kanisa lile haliendi mbio. Ya bibi wa viatu vya bati nayo inaeleza miguu, haielezi kwa nini mtungaji akae aandike habari za kaburi akijua watu watazichezea.

Baruti (#18)

Basi wiki hii wasikilize Hazel Dickens na Alice Gerrard, Who's That Knocking?, rekodi yao ya mwaka 1965. Wanawake wawili wanaimba kwa nguvu bila kubembeleza mtu, na hapo hutauliza tena kama huzuni na kasi vinakaa nyumba moja.

Karani wa Muziki (#19)

Kabla uzi haujafika mbali, nisahihishe lile la mwanzo kwamba bluegrass haina dramu. Jimmy Martin, aliyekuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Monroe kuanzia mwaka 1949, alipokuwa na bendi yake mwenyewe alitumia dramu ndogo katika baadhi ya rekodi zake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hapigi bluegrass.

Fundi Nyuzi (#20)

Jimmy Martin alijiita mwenyewe Mfalme wa Bluegrass, na nani atamzuia mfalme? Lakini isikilize ile Uncle Pen ya mwaka 1950 aliyoitaja ndugu wa Louisville. Mpiga gitaa humo ni Martin huyo huyo, hakuna dramu, wala hakuna pigo lililopungua. Karani, ukiliona lililopungua, uje hapa utuonyeshe ni la ngapi.